Ukitoka Kanisani, Nani Atakuzika?

Nina dada, mtoto wa mama mkubwa, anayeishi Uyole, Mbeya. Ni miaka tisa sasa tangu atoke katika kanisa tulilokulia. Siku moja ya Juni, baridi ikiwa imeshika, alirudi kutoka sokoni Mwanjelwa na mzigo wake, akakuta mlango wa nyuma uko wazi, sufuria ya maharage inachemka jikoni, na ndani hamna mtu. Akaita mara mbili. Kimya. Miguu ikamwisha nguvu, akakaa kwenye sakafu ya sementi akitetemeka, akiwa na hakika kwamba Unyakuo, siku ya waumini kuchukuliwa mbinguni, umepita na yeye ameachwa. Mumewe alikuwa ametoka na mtoto kwenda dukani kununua chumvi. Waliporudi walimkuta amekaa palepale.

Dada huyu haamini tena mafundisho yale. Ukimuuliza atakueleza kwa utulivu kwa nini aliyaacha. Kichwa chake kilitoka kanisani zamani. Mwili ndio ambao bado haujapewa taarifa.

Mimi nilitoka mwaka 2013. Kanisa lenyewe silitaji, na halikuwa peke yake la namna ile. Mzee wa kanisa ndiye aliyeamua nani aoe nani na mtoto gani aendelee na shule. Wakati wa mfungo, kwenda hospitali kulihesabiwa kuwa ni kukosa imani. Wasiokuwa wa kwetu waliitwa watu wa mataifa, na aliyetengwa hakuliwa naye chungu kimoja, hata akiwa mama yako. Mtu anayetoka katika maisha kama hayo anabeba nini, na aponywe vipi? Hapo ndipo penye ubishi, na nimeusikia mara nyingi mno, kuanzia Tukuyu na Vwawa mpaka Iringa mjini.

Wapo wanaosema: kanisa ndilo lililokuumiza, basi kaa mbali na madhabahu yote, nenda kwa mtaalamu, anza maisha mapya. Na wapo wanaosema: mtu wa huku hawezi kupona akiwa peke yake, mtafutieni kanisa lenye upole, arudi kundini kwa mlango mwingine. Nimewaheshimu wote wawili kwa nyakati tofauti. Siku hizi naona wote wanakimbilia swali ambalo lingepaswa kuja mwisho, yaani kwamba mtu huyu asali wapi, au asisali kabisa.

Nianze na wa kwanza, kwa sababu wanadharauliwa zaidi. Mwaka 2011 mwanasaikolojia wa Marekani, Marlene Winell, aliyapa jina mateso ya watu wanaotoka katika dini zenye kubana: mkusanyiko wa dalili unaotokana na kiwewe cha kidini. Jina hilo halijaingia katika orodha rasmi za magonjwa, na wapo wataalamu wanaolipinga wakisema sonona, wasiwasi na kiwewe vina majina yake tayari, hakuna haja ya kuishitaki dini. Hoja hiyo ina uzito. Lakini orodha ya Shirika la Afya Duniani inayotumika tangu Januari 2022 inakitambua kiwewe changamani, kile cha mtu aliyeumizwa kwa muda mrefu mahali ambapo hakuweza kutoka: hofu isiyoisha, hisia zisizoshikika, kujiona huna thamani, kushindwa kuwa karibu na watu. Soma maelezo hayo kisha mkumbuke mtoto wa miaka sita anayeambiwa kila jioni kwamba Mungu anaandika mawazo yake, na kwamba usiku huu huu anaweza kuamka motoni. Mtoto huyo hana pa kukimbilia, maana anayemwambia ndiye anayempa chakula.

Madaktari wa akili wa Marekani walikuwa wameliona jambo hili mapema kidogo. Mwaka 1994 chama chao kiliingiza katika mwongozo wake kipengele cha tatizo la kidini au kiroho, na ndani yake wakataja kupoteza imani au kuitilia shaka. Hawakukiweka kwenye magonjwa. Walikiweka kwenye mambo yanayostahili kusikilizwa na tabibu hata kama mtu si mgonjwa. Napenda utaratibu huo. Huku kwetu tuna milango miwili tu: una pepo, au unafaa kupelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Mtu aliyefiwa na ulimwengu wake wote hana mlango wake.

Lakini ushauri wa kukaa mbali na kila madhabahu unakwama mapema. Kwanza, Mbeya hii utakaa mbali wapi? Jumamosi jioni kwaya wanafanya mazoezi na spika imeelekezwa barabarani. Kwenye daladala kuna mahubiri, kwenye harusi kuna maombi, ofisini kikao kinafunguliwa kwa sala. Pili, hofu ina tabia yake. Mtu anapokikimbia kinachomtisha, mwili unapata nafuu ya papo hapo, na unajifunza kwamba ni kukimbia ndiko kulikouokoa. Kesho hofu inakuja kubwa zaidi. Inapungua pale mtu anapokaa karibu na kinachomtisha kidogo kidogo, akiwa salama, mpaka moyo utulie wenyewe. Dada yangu alianza na wimbo mmoja wa zamani, aliusikiliza kwa simu akiwa na mumewe jikoni, akauzima kila alipotaka kuuzima. Hiyo ya kuuzima ndiyo muhimu. Kule tulikotoka hakuna aliyewahi kuruhusiwa kuzima.

Sasa wa pili, wachungaji na ndugu wenye nia njema. Nao wana ushahidi. Tafiti nyingi za nje zimeonyesha kwamba wanaoshiriki ibada mara kwa mara, kwa wastani, wana sonona kidogo kuliko wasioshiriki. Na huku kwetu hatuhitaji tafiti kuyaona mazuri. Yapo makanisa makali yaliyomtoa baba kwenye pombe ya ulanzi akarudi kulea watoto wake. Njombe, Iringa na Mbeya ni kati ya mikoa iliyoumizwa sana na ukimwi, na miaka ile ya vifo mfululizo akina mama wa makanisa ndio waliokuwa wakipika uji na kuogesha wagonjwa ambao ndugu zao walikuwa wamewakimbia. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Sitakubali mtu aniambie kwamba kanisa lile lilikuwa gereza tu.

Ila tafiti hizo zinawapima zaidi waliobaki na wanaofarijika kubaki. Aliyeumizwa akaondoka hayupo kwenye benchi siku ya kuhesabu. Na upole wenyewe unaweza kuchubua kidonda. Dada alipopelekwa kwa mchungaji mmoja mpole kweli, mtu wa kanisa kubwa lenye shule na zahanati, alieleza habari ya kutetemeka. Nusu saa haikupita, mchungaji akamwekea mikono kichwani aikemee roho ya hofu. Alifanya kwa upendo. Dada alirudi nyumbani hawezi kumeza chakula, maana mara ya mwisho mikono kuwekwa kichwani pake alikuwa na miaka kumi na minne na alikuwa ameshikiliwa na watu wanne.

Pande zote mbili zinaongea habari za imani, na mimi nadhani maumivu mengi ya huku yamekaa pengine. Waulize waliotoka wanaogopa nini usiku. Wachache watakuambia moto wa milele. Wengi, hasa waliokwisha kuzaa, watakuambia: nani atanizika?

Asiyekulia huku anaweza kuliona ni swali dogo. Unyakyusani mtu anazikwa nyumbani, kando ya migomba yake, na msiba wake ndio hesabu ya maisha yake: nani amelala matangani, nani ameleta kuni, nani ameshika jembe. Asiyezika wenzake hatazikwa. Unapotengwa unaondolewa kwenye hesabu hiyo ukiwa hai. Kikundi cha kuweka na kukopa kilikuwa cha kanisa, umetoka. Aliyekuwa akikuuguzia mtoto alikuwa wa kanisa, hapiti tena kwako. Hata mchumba alitafutwa humo humo. Mtaalamu akikutibu wasiwasi vizuri sana, bado Jumanne akifa jirani yako utasimama wapi?

Bibi yetu alifariki mwaka 2016. Wazee wa kanisa walikuja wakasema waliotengwa wasishike jeneza. Babu mdogo, muumini wa kanisa la Moravian tangu kuzaliwa, mtu asiyepaza sauti, akasimama akawaambia: "Jeneza hili ni la ukoo. Kanisa lenu ni la Jumapili." Akamkabidhi kaka yangu koleo. Mimi akaniambia nikae na akina mama, kwenye mkeka wa mbele. Nimezungumza na washauri wazuri tangu nitoke, na nimewahi kumeza dawa kwa miezi minane, zikanisaidia kulala. Lakini nikiulizwa nilianza kupona lini, nataja siku ya mkeka ule.

Babu alikuwa na historia nyuma yake. Wamisionari wa Kimoravian na wa shirika la Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891, na waumini wa kwanza walioishi kwenye vituo vyao walitakiwa kuacha pombe, wake wengi na matambiko ya ukoo. Mbele ya ndugu zao hao walikuwa watu waliotoka. Walikataa mambo yaliyoaminika kulinda mvua na afya ya wote. Hata hivyo koo nyingi ziliendelea kuishi na watoto wao, zikajifunza kuwa na watu wa imani mbili kwenye msiba mmoja. Kwa hiyo ukoo una uzoefu wa jambo hili kuliko kanisa lolote lililoanza juzi, na nashangaa kwamba katika mjadala huu wote wazee wa ukoo hawaitwi.

Wazee hao walikuwa pia na imani kwamba majirani wakinung'unika kwa hasira ya haki, pumzi yao humfikia mkosaji kama baridi, akaugua. Ili apone, waliokasirika walipaswa kuitoa hasira yao kwa maneno, mbele ya watu. Mimi siamini kwamba pumzi ya mtu huleta homa. Ila jambo walilolishika nimelipitia. Miaka mitatu baada ya kutoka, mama alinikalisha akasema yote: kwamba nimemwaibisha mbele ya wapendwa, kwamba akiniombea anaona giza, kwamba anaogopa tutatenganishwa milele. Alisema karibu saa mbili. Sikumjibu chochote cha kumshinda. Kabla ya hapo alikuwa ananipikia akiwa ameninunia, na ule ukimya ulikuwa unanila. Usiku ule nililala mpaka asubuhi. Mama bado yuko kanisani kwake, na bado ananiombea. Nimemwambia aendelee.

Sisemi ukoo unatosha. Zipo familia ambazo zote ziko ndani ya kanisa hilo hilo, na mwenye kutoka hana babu mdogo wa kumsimamia. Zipo ambazo ndizo zilizopiga. Kwa mtu wa namna hiyo, wanaosema ondoka ukae mbali wana haki kabisa, na mchungaji anayemsihi arudi kupatana anamrudisha kwenye hatari. Katiba yetu, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa kubadilisha dini au imani yake. Haisemi aombe ruhusa ya ndugu.

Kwa wengine wote, kinachokosekana ni watu wa kukaa nao. Wanyakyusa wana neno ukwangala: kuwa pamoja na wenzako, kula, kunywa, kuzungumza, kufurahia kuwapo kwao. Hakuna ajenda humo. Zimbabwe wana mpango wa Benchi la Urafiki, ulioanzishwa na daktari wa akili Dixon Chibanda mwaka 2006. Bibi waliofundishwa hukaa na mtu kwenye benchi nje ya zahanati, wakamsikiliza habari ya kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na kumsaidia achague tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa kwenye mabenchi hayo walikuwa na dalili chache baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nchi kama Tanzania, yenye watu zaidi ya milioni 60, ambayo madaktari bingwa wake wa akili wanahesabika kwa makumi, ingelitazama benchi hilo kwa makini. Na bibi tunao.

Kwa anayetaka kwenda hospitali wiki hii, Hospitali ya Rufaa ya Kanda pale Mbeya ina idara ya afya ya akili, na unaweza kuanzia zahanati au kituo cha afya cha karibu. Najua kinachowazuia wengi: anayekupokea dirishani anaweza kuwa mpendwa wa kanisa ulilotoka, au akaanza kukuombea. Basi usianze na habari za kanisa. Sema silali tangu lini. Sema moyo unaenda mbio, chakula hakipiti, naogopa nikiwa peke yangu. Kama umewaza kujiua, sema hilo kwanza, kwa tabibu mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa. Omba akupe tarehe ya kurudi. Na kama unaweza, usiende peke yako. Nenda na mtu mmoja ambaye hajawahi kukuuliza siku hizi unasali wapi.