Andika kanuni, usiandike miadi

Mtu akishajua kuandika skripti kidogo, yaani programu fupi, kitu cha kwanza anachofanyia kalenda ya simu ni kitanzi (amri ya kurudiarudia): Januari hadi Desemba, unda miadi, rudia. Nawaandalia hesabu wenye maduka wa Kamukunji na Gikomba jijini Nairobi, na kalenda za namna hiyo zimenichosha. Saa ikibadilika, una miadi kumi na miwili ya kuhariri. Skripti ikiendeshwa mara mbili, simu inalia mara mbili kwa kila jambo.

Kiwango cha iCalendar, muundo ambao programu za kalenda hubadilishana miadi, kipo tangu 1998, kikaandikwa upya 2009 kama RFC 5545, na ndani yake mna mstari uitwao RRULE, kanuni ya kurudia tukio. PAYE, kodi ya mishahara, inatakiwa KRA (mamlaka ya kodi ya Kenya) kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata? FREQ=MONTHLY;BYMONTHDAY=9, yaani kila mwezi tarehe 9, basi. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, weka 20. Tukio ni moja, kulirudia ni kazi ya kalenda. Kwenye Google Apps Script, mahali pa kuandikia skripti za kalenda ya Google, amri ya createEventSeries inakufikisha hapo hapo.

Mwisho wa mwezi ndio wenye vituko. Ukiandika BYMONTHDAY=31 kwa ajili ya kodi ya nyumba, usidhani Aprili itasogezwa hadi tarehe 30. Inarukwa. Mwaka mzima utakumbushwa mara saba, na mwenye nyumba hatakuelewa. Andika -1, yaani siku ya mwisho, iwe 28 au 31. Ijumaa ya mwisho vilevile: BYDAY=-1FR.

Majira ya saa nayo yataje wazi: Africa/Nairobi. Sisi hatusogezi saa, Waingereza husogeza Machi na Oktoba. Kikao chako cha saa kumi na moja jioni, kwa mteja wa London ni saa tisa alasiri wakati wa kiangazi na saa nane wakati wa baridi. Kubalianeni mapema mnafuata saa ya nani.

Kanuni, hata hivyo, haijui kwamba tarehe 9 imeangukia Jumapili, wala haijui Idd, inayongoja mwezi uandame. Hapo ndipo skripti inapostahili jasho lako: ipite kila mwanzo wa mwezi, iangalie tarehe imeangukia wapi, iongeze kikumbusho siku ya kazi iliyotangulia. Kila inachounda ikitie alama kwa amri ya setTag, ili ikirudi itambue kazi yake isiirudie.

Kikao cha chama usikihangaikie. Mweka hazina atapiga simu.