Kabla hamjanitumia tena ile sauti ya dakika 11

Wadau, najua mmeisikia, ile rekodi yangu nikiwa angani. Wa kwanza kunitumia alikuwa binamu yangu wa Mombasa, mtu ambaye hajanijulia hali tangu Krismasi. Wa pili ni konda wa matatu yetu ya Umoja, ambaye hata sikujua ana namba yangu. Jana jioni mama mboga alikuwa ananikatia sukuma, akaniuliza bila kuinua macho, "Na yule mzee tai, hajambo?"

Haya basi. Nimeketi, nasimulia mwenyewe, maana ile sauti aliyoirekodi Mjumbe imekatwa mwanzo, na mwanzo ndio unaonitetea. Kidogo.

Mjumbe si jina lake. Nimempa hilo kwa sababu neno likimfikia saa mbili, saa mbili na robo liko Kitengela.

Mnaonifuata hapa mnajua tangu mwaka jana nina ugonjwa wa kuruka. Si parachuti, nimechoka kueleza. Parachuti kazi yake ni kukuteremsha. Paraglaida ni bawa la kitambaa na kamba nyembamba kama za viatu. Unakimbia ukingoni mwa mlima, linakubeba, na ukipata hewa moto inayopanda, tunaiita themo, unazunguka ndani yake kama mwewe hadi mabati ya watu yanakuwa punje za mahindi. Ukishapata kimo unaondoka nacho kutafuta themo ya mbele. Unaweza kwenda kilomita na kilomita hivyo. Injini hakuna, petroli ni jua.

Ijumaa usiku tukatoka Nairobi, gari moja, watu wanane. Asubuhi tuko Iten. Iten mnaijua kwa wanariadha, lakini ule mji umekaa ukingoni, mita kama 2,400 juu ya bahari, halafu ardhi inakatika tu, na Bonde la Kerio liko zaidi ya kilomita moja chini yako. Desemba hadi Machi Wazungu hujaa pale na mabegi yao makubwa. Ng'ambo ya bonde ni vilima vya Tugen, na juu yake Kabarnet, kilomita kama 30 ukienda kwa njia ya kunguru. Huko ndiko nilikotangaza nakwenda. Nilitangaza Alhamisi, kwenye kikundi cha WhatsApp chenye watu 212, wakiwemo wa kanisani.

Rekodi yangu kabla ya siku hiyo: kuteremka bondeni na kuomba lifti ya bodaboda.

Sasa, redio. Kila mrukaji ana redio ya mkononi, sote masafa yale yale. Mwalimu anabaki juu mlimani akitutazama na kutuelekeza. Dereva wa pikapu anazunguka bondeni akituokota. Kibanio cha redio yangu kilikuwa kimevunjika, basi nikaifunga kwenye mkanda wa kifua kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Mwalimu akaitazama, akasema, "Hiyo itakuletea shida." Nikamwambia, Mwalimu, kwa heshima, tyubu hii ndiyo inayobeba kreti za nyanya kutoka Marikiti kila alfajiri, na sijaona nyanya ikilalamika.

Nikakimbia, bawa likanibeba, nikajikalisha vizuri kwenye kiti. Mkanda ukakaza. Tyubu ikakaza. Kitufe cha kusemea kikabonyea, kikakaa hivyo hivyo.

Kwa wasiojua redio hizi: kitufe kikiwa chini, unasema wewe, wanasikia wote, na wewe husikii mtu. Wao nao hawawezi kusemezana, maana umeikalia njia. Mimi nilichoona ni kwamba pamekuwa na utulivu. Mwalimu, ambaye kwa kawaida hunisemesha kama mtoto anayevuka Jogoo Road, amenyamaza kabisa! Nikajiambia, leo ameniamini. Wallahi nililengwalengwa na machozi.

Mtu akiwa peke yake angani hujisemesha. Msinidanganye kwamba ninyi bafuni mnakaa kimya. Mimi hutangaza mpira.

"Na anapandaaa! Kijana wa Umoja, mtaa wa maji ya mgao, anapanda! Mita 2,700! Mashabiki wamesimama!" Halafu nikafanya sauti ya mashabiki. Halafu, na hapa ndipo Mjumbe alipoamua kutoa simu mfukoni na kurekodi, nikajihoji.

"Bingwa, tuambie siri ya mafanikio yako."

"Kwanza namshukuru Mungu. Pili ni nidhamu. Tatu ni kuwapuuza wenye wivu, hasa mmoja ambaye hata kupanda ngazi hupumua kama ng'ombe."

Mmoja huyo alikuwa pikapuni.

Katikati ya bonde nikakutana na tai. Ukimwona tai anazunguka bila kupiga mabawa, hapo kuna themo, unamfuata. Nikaingia chini yake, na kile kidude cha kupima kimo kikaanza kuimba, pi-pi-pi-pi. Alikuwa mkubwa, karibu kiasi kwamba nilimwona akigeuza shingo kunitazama. Sijui ni nini kilinipata. Mimi ni mtu wa Nairobi, nasema "niaje" hata kwa chifu. Lakini pale nikasikia mdomo wangu ukisema, kwa sauti ya adabu, "Shikamoo, mzee." Akaendelea kuzunguka. Nikaongeza, "Asante kwa nafasi."

Wakati huo nilianza kuhisi joto kifuani, upande wa moyo. Mita 3,100, baridi imenishika vidole, lakini kifua kina moto mtamu. Nikafikiri, hii ndiyo ile wanayosimuliaga wakati wa ushuhuda. Nikaimba pambio, beti zote, pamoja na ile sehemu ya akina mama. Wadau, ilikuwa redio. Redio ikitangaza bila kupumzika huchemka.

Nikapiga hesabu. Bawa langu, hewa ikiwa imetulia, huenda mbele mita kama 8 kwa kila mita linayopoteza. Niko kilomita 2 juu ya bonde. Mbili mara nane, kumi na sita. Kabarnet imebaki 15. Chenji ya kilomita moja! Nikaitangaza hiyo hesabu kwa sauti. Mwalimu, nimeambiwa, alikalia jiwe akashika kichwa, kwa sababu Kabarnet haiko bondeni. Iko juu ya mlima. Hesabu yangu ilikuwa inanifikisha Kabarnet kupitia mizizi ya mlima.

Na hewa haikuwa imetulia.

Twende polepole hapa, dakika ya 6 na sekunde 40 kwa wenye sauti. Pi-pi-pi inakatika. Kidude kinanguruma, mmmmmmm, ile sauti ya ng'ombe mgonjwa, maana yake unashuka. Mita 4 kwa sekunde, kila sekunde zaidi ya ghorofa moja. Mnasikia nikisema, "Ah, itapita." Haikupita. Halafu breki ya mkono wa kulia ikalegea. Kwa kawaida breki hukuvuta kidogo, kama mtoto aliyekushika mkono sokoni. Ghafla hakuna mtoto. Nikatazama juu. Nusu ya bawa, ile ya kulia, ilikuwa imejikunja chini kama shuka kwenye kamba ya nguo, inapigapiga, na mimi naanza kuzungushwa upande ule ule.

Nimefundishwa la kufanya. Egemea kushoto, shika breki ya kushoto kwa upole usizunguke, kisha pampu ya kulia hadi ifunguke. Nilifanya yote hayo. Ila mdomo ulitangulia.

"MAMA!"

Hiyo ndiyo mliyoifanya mlio wa simu. Nawaona.

Na baada ya hapo, maombi. Nayaandika yalivyo, maana kila mtu ananukuu lake.

"Mungu, ni mimi. Mungu wa Umoja Moja. Nimekosa. Ule mtungi wa Mjumbe, wa kilo 6, haukuibiwa. Unajua haukuibiwa. Hakuna mwizi aliyepita dirishani, lile dirisha hata paka hapiti. Niliuza mimi, Baba, nikaongezea kidogo nikanunua hii redio. Na zile mia tano alizonipa ninunue kufuli, kufuli sikununua. Nishushe salama nitarudisha. Nitarudisha na gesi ndani. Nusu. Sawa, mtungi mzima!"

Hapo bawa likafunguka, paa! kama kiroba kinachokung'utwa. Mkisikiliza vizuri, kabla ya hapo kuna mtu anacheka nyuma ya sauti. Ni Mjumbe. Kwenye neno "mtungi" kicheko kinakatika. Panakuwa kimya kabisa, unasikia mbuzi.

Nami sijui lolote. Naendelea kuteremka, naendelea kujadiliana na Mungu. "Nishushe popote, ila si upande wa Rimoi, kule kuna ndovu. Wala si mtoni, kuna mamba. Mahali penye watu, Baba. Watu wachache."

Niwaeleze pikapu ilikuwa wapi. Ilikuwa Cheploch, pale darajani ambapo Mto Kerio unapita kwenye ufa mwembamba wa mwamba. Kuna vijana pale kazi yao ni kujirusha kutoka juu ya lile genge hadi kwenye maji yenye mamba, wageni wawatunze kidogo. Dereva alikuwa ameegesha hapo, milango wazi, spika ya redio imefunguliwa hadi mwisho. Vijana wakaacha kujirusha wakaja kusikiliza. Waliosimamisha magari wapige picha wakaja. Mama wa mahindi ya kuchoma akaja na kipepeo chake. Kogo mmoja, yaani bibi mzee, ambaye Kiswahili hakimwingii akawa anatafsiriwa kwa Kikalenjin sentensi baada ya sentensi. Nimeambiwa kwenye "Mungu wa Umoja Moja" aliuliza kama huyo ni tofauti na wa hapa.

Watu wanaoruka mtoni kwa mamba ndio walionisikia nikiita mama kwa ajili ya kitambaa kilichokunjwa.

Nilitua kwa makalio, kando ya kichaka cha miiba, kamba zikanasa kwenye mgunga. Nikafungua mkanda wa kifua. Tyubu ikalegea, kitufe kikaruka juu, tik. Na kwa mara ya kwanza baada ya karibu dakika 50, redio ikasema. Ilikuwa sauti ya Mwalimu, kavu, ameshachoka hata kukasirika:

"Bingwa. Tumekupata."

Nilitazama redio. Nikaishika, ikaniunguza. Nikakumbuka joto la ushuhuda. Nikaanza kurudi nyuma akilini, neno moja moja, kama mtu anayetafuta alikoangusha funguo: mtungi, ndovu, pambio, sehemu ya akina mama, shikamoo mzee. Hadi kwa anayepumua kama ng'ombe. Wadau, kuna kukaa chini kwa sababu umechoka, na kuna kukaa chini kwa sababu magoti yamejiuzulu.

Pikapu ikafika imejaa hadi mlango wa nyuma. Mtoto mmoja wa sweta ya shule akashuka wa kwanza, akanizunguka, akalitazama bawa, akanitazama mimi.

"Ni wewe wa mtungi?"

Mjumbe alikuwa kiti cha mbele. Hakushuka. Alishusha kioo nusu, akaniambia, "Kufuli," akapandisha kioo.

Mengine haraka. Kogo alinishika mkono akasema kitu, watu wakacheka, hakuna aliyekubali kunitafsiria. Jioni Mwalimu alinitoa kando, na hapo hapakuwa na kichekesho. Nyuma yangu kulikuwa na warukaji wawili, upepo ulibadilika, na hakuweza kuwaambia kwa sababu njia nzima ilikuwa imejaa mimi. Walitua salama kwa akili zao wenyewe. Nimewaomba msamaha mmoja mmoja. Mmoja ni Mfaransa, hajui Kiswahili hata chembe, lakini mezani aliniamkia, "Shikamoo, mzee," na akaniachia nafasi kwenye benchi kwa heshima zote. Safari ya kurudi Nairobi niliketi kiti cha nyuma kabisa na mabegi. Kuanzia Nakuru wakaanza kuimba lile pambio. Nimenunua kibanio kipya.

Wanaouliza kama nitaruka tena: ndiyo, Februari ijayo. Wanaouliza kama Kabarnet nilifika: someni tena pale kwenye mizizi ya mlima.

Na wewe Mjumbe, ambaye najua unasoma hii ukiwa umejificha kwa namba ya dada yako: mtungi uko kwa mama mboga, chini ya meza, nyuma ya gunia la vitunguu. Umejaa. Kufuli lipo juu yake, na funguo mbili. Ile redio nimeitoa betri.