Kumfahamu Mtu kwa Sura Si Ushahidi wa Kosa

Ukionyeshwa picha za nyuso zikipita kwenye skrini kwa kasi, kama kumi kwa sekunde, nyingi hutazikamata hata ukikodoa macho. Lakini akipita mama yako, utamwona. Ubongo umeshamtoa katikati ya wageni, na wewe unapata habari baadaye.

Kinachotokea hapo kinapimika. Elektrodi zilizobandikwa kichwani hunasa wimbi la umeme liitwalo P300, ambalo Samuel Sutton na wenzake walilieleza mwaka 1965, na ambalo huibuka pale ubongo unapokutana na kitu chenye maana kwake. Mwili nao una njia zake. Mwaka 1984, Mmarekani Russell Bauer alieleza habari za mgonjwa aliyeumia ubongo hata akawa hatambui nyuso za watu wa nyumbani kwake. Alionyeshwa picha, akasomewa majina matano kwa kila moja. Mdomo wake haukujua lipi ni lipi, ila ngozi ya mkono, kwa mabadiliko madogo ya umeme, ilishtukia jina sahihi mara nyingi kiasi kwamba haiwezi kuwa bahati tu.

Mambo haya yananivutia sana, na ndiyo maana naogopa yanakopelekwa. Wapo wanaotaka mtuhumiwa apimwe ubongo hivyohivyo huku akionyeshwa nyuso za wanaodhaniwa kuwa wenzake, kwa hoja kwamba ubongo hauwezi kudanganya. Sawa, haudanganyi. Lakini umesema nini? Umesema tu kwamba sura hii si ngeni. Haukusema kama ni mwizi mwenzake, konda wa daladala anayopanda kila asubuhi, au mtu aliyesali pembeni yake Ijumaa. Kwa mtaa kama wa kwetu, ambako kila mtu anamjua kila mtu, kipimo hicho kingewatia hatiani hata wauza vitumbua.

Mahakama ya Juu ya India iliamua mwaka 2010, katika kesi ya Selvi, kwamba mtu asipimwe ubongo kwa lazima, kwa kuwa ni kumlazimisha atoe ushahidi dhidi yake mwenyewe. Katiba ya Kenya ya mwaka huohuo nayo, katika ibara ya 50, inampa mshtakiwa haki ya kukataa kutoa ushahidi wa kujitia hatiani. Naunga mkono yote mawili. Ila uamuzi wa India uliruhusu kipimo kwa anayekubali, na hapo sikubali. Mtu yuko mahabusu, hana wakili, anaulizwa: "Kama huna kosa, unaogopa nini?" Hiari yake iko wapi?