Hank Aaron hakuwa mabavu tu
Mwandishi, makala yako inamweleza Hank Aaron, mchezaji wa besiboli wa Marekani, kama mtu wa mabavu tu. Hapo hujamtendea haki. Ziondoe homurani zake zote 755, yaani mipigo ambayo kwa kawaida huurusha mpira nje ya uwanja, bado anabaki na mipigo safi, ile ya kumfikisha mpigaji kwenye beisi salama, zaidi ya 3,000! Wala hakuwahi kufikisha homurani 50 kwa msimu mmoja. Alijaza kibaba haba na haba kwa misimu 23, 1954 hadi 1976.

Na usiku ule wa Aprili 8, 1974, pale Atlanta, alipompita Babe Ruth, aliyeshikilia rekodi kabla yake, kwa homurani ya 715, mama yake alishuka uwanjani akamkumbatia, akamng'ang'ania. Mwanawe alikuwa akiandikiwa barua za kutishiwa kuuawa, kisa ni Mweusi. Kila nikiitazama picha ile machozi hunilengalenga. Mama yule alistahili aya nzima.