Montgomery: miguu au mahakama?

Kila ukitajwa mgomo wa mabasi wa Montgomery, mji wa Alabama, Marekani, ambako Weusi walikataa kupanda mabasi yaliyowabagua, hakosi mtu wa kusema: watu walitembea siku 381, lakini kilichofuta ubaguzi ndani ya mabasi ni hukumu ya mahakama. Miguu ya nini, basi? Wangewaachia wanasheria.

Hoja hii ina uzito. Kampuni ya mabasi ilikimbiwa na Weusi, waliokuwa abiria wake wengi, na bado Gayle, meya wa mji, hakulegea. Tena tarehe 13 Novemba 1956, siku ileile Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoithibitisha hukumu ya kesi ya Browder, iliyosema ubaguzi ndani ya mabasi ni kinyume cha katiba, jaji wa Alabama aliyapiga marufuku magari ya kubebana yaliyokuwa yameushikilia mgomo. Bila Mahakama ya Juu, ni vigumu kuona wangefika wapi.

Ila fuata tarehe. Claudette Colvin, msichana wa miaka 15, alishushwa kwenye basi na polisi Machi 1955 kwa kukataa kumpisha Mzungu. Kesi ya kupinga sheria yenyewe haikufunguliwa. Desemba mgomo ukaanza, na madai ya mwanzo yalikuwa madogo mno: madereva wawe na adabu, njia za Weusi zipewe madereva Weusi, abiria wakae kwa kuwahi, Weusi wakianzia nyuma na Wazungu mbele. Ubaguzi wenyewe hata hawakuugusa! Jiji likakataa hata hayo. Tarehe 30 Januari nyumba ya Martin Luther King, kiongozi wa mgomo, ikatupiwa bomu. Siku mbili baadaye wakili Fred Gray akafungua kesi hiyo ya Browder, Colvin akiwa mmoja wa wadai. Kesi ile ilizaliwa barabarani.

Na barabara ililishwa na jiko. Georgia Gilmore, mpishi, alifukuzwa kazi baada ya kutoa ushahidi katika kesi ya King, aliyeshtakiwa kwa ajili ya mgomo, akageukia kupika nyumbani kwake. Yeye na wenzake waliuza kuku na keki, fedha zikasaidia mafuta ya magari. Kikundi chao wakakiita, kwa utani, "Kutoka Pasipojulikana": ukiuliza hela zimetoka wapi, jibu ndilo hilo, na mfanyakazi wa ndani aliyechangia hajulikani kwa bosi wake.

Hata baada ya Novemba 13 hawakupanda. Walitembea zaidi ya mwezi mzima, bila magari yale, hadi amri ya mahakama ilipofika Montgomery tarehe 20 Desemba.