Fundi wa Næstved na mlango wa bibi

Nyumbani wakinipigia huulizwa baridi na mshahara tu, leo acheni niseme habari ya fundi.

Mwaka wa sita huu nakaa Næstved, mji mdogo kusini mwa Copenhagen, sasa siku moja mvua ikanikamata nikajibanza ndani ya kanisa la Sankt Morten, mtoto wa Mji Mkongwe mie hata sijui nikae wapi, nikainua macho nikaona madhabahu ya mbao imechongwa juu mpaka chini, uso unageuka jani, jani linageuka sikio. Nikasema haa, patasi hii naijua!

Fundi mwenyewe Abel Schrøder, hiyo aliichonga 1667, akafa 1676. Na alikuwa mpiga kinanda wa kanisa hilohilo tangu 1634, yaani ana kazi mbili kama sisi wote huku. Baba yake pia mchongaji. Mtindo wake wanauita bruskbarok, brusk ndo gegedu, maana maumbo yanajikunja kama sikio la mtu. Copenhagen ipo nyingine ya 1661, kanisa la wanamaji la Holmens, mwaloni mtupu bila rangi, nilipanda treni kwenda kuiangalia mke wangu akanicheka wiki nzima.

Kinachoniuma ni hiki: huyu fundi wa mji mdogo tu, lakini jina lake lipo, miaka yake ipo, kazi yake ipo palepale alipoiweka. Sisi milango yetu ya nakshi watalii wanapiga picha kila siku, mwulize mtu nani kachonga, atakwambia ni ya zamani. Mingine imeng'olewa ikauzwa, siku hizi ipo kwenye mahoteli.

Ila nisiwasifu sana Wadenmark, Jumapili nyingine kanisani wapo wazee wachache tu. Mlango wa bibi yangu unafunguliwa alfajiri mpaka usiku, watoto wanaegemea, mbuzi anajikuna kwenye mfaa, mtu anabisha hodi huku keshaingia. Kwa hilo mie naona sisi tunaishi na kazi ya fundi, wao wanaitunza.

Juzi nikampigia ami nikamuuliza nani kachonga ule mlango. Akafikiri weee, mwisho akasema, "Fundi mmoja wa Malindi, mguu wake mmoja mbovu, alikuwa anapenda sana kahawa." Jina? "Sisi tukimwita Fundi tu."