Tembe la waya linawezekana Dodoma

Mwaka 2016, huko Siponto kusini mwa Italia, mchongaji Edoardo Tresoldi alikabidhiwa msingi wa kanisa la kale lililokwisha kubomoka. Hakutia tofali hata moja. Alisimamisha nguzo, matao na kuba kwa nyavu za waya hadi mita 14 kwenda juu, na ukiingia unaona kanisa na mbingu kwa pamoja. Kwangu mimi hiyo ni kazi ya heshima kuliko ukarabati wowote wa saruji.

Dodoma tuna matembe ya Kigogo yanayokwisha mvua hadi mvua. Kuta zikilainika, paa bapa la udongo huangukia ndani, kinabaki kituta cha mstatili kuzunguka zizi. Badala ya kujenga tembe la zege kwenye kipilefti, natamani mafundi wetu wa kuchomelea wasimamishe moja la waya palepale kuta zilipokuwa.

Anza na fremu ya bomba za mraba. Ichomelee yote kwanza, ipige rangi ya kuzuia kutu, ndipo ufunge wavu. Chukua wavu uliochovywa zinki, waya wa milimita 3, matundu ya sentimita 5, na ununue wa vipande bapa. Wa kuviringishwa hurudia mviringo wake hata uufunge vipi. Usiuchomelee kamwe. Moto huunguza zinki, kutu huanzia kwenye kiungo hichohicho, na moshi wake humpa fundi homa usiku. Funga kwa waya mwembamba wenye zinki pia. Kingo zikunje sentimita 10 kwa pembe mraba, la sivyo ukuta utayumba.

Tabaka moja likipigwa na jua la saa sita halionekani kabisa. Weka mawili, yaachane sentimita 15, na kwenye pembe weka matatu. Hapo ndipo ukuta unapojitokeza, na jioni unakolea zaidi.

Wengi hudhani upepo utapita tu. Haupiti wote: matabaka huukinga, na kiangazi majani makavu na takataka hunasa kwenye matundu hadi ukuta unakuwa tanga. Safisheni kila wiki. Na kwa kuwa kituta chenyewe ni kumbukumbu, msichimbe mashimo ya nguzo. Simamisheni fremu juu ya vitalu vizito vya zege vilivyolazwa juu ya ardhi.

Ila miamba ya michoro ya Kolo, Kondoa, iachwe ilivyo. Baadhi bado ni mahali pa matambiko, na nafasi yake ina wenyewe.